Deni la Saddam kalipa nani?

Mhariri,

Nimesoma barua ya msomaji mwenzangu anayesema nchi iliyoanzisha vita ikipigwa ilipe mpaka senti ya mwisho, watu wake watajijua. Haya, tuiangalie Iraq.

Rais wake, Saddam Hussein, kaivamia Kuwait Agosti 1990, siku nne tu UN ikaweka vikwazo vya biashara, akatimuliwa Februari 1991 na vikwazo vikabaki palepale, juu yake ikaja fidia. Mafuta yalipoanza kuuzwa kwa ule mpango wa UN wa mafuta kwa chakula, ulioiruhusu Iraq kuuza mafuta inunue chakula na dawa, mwishoni mwa 1996, kila dola 100 zikiingia, 30 zinakatwa juu kwa juu kwa ajili ya wanaodai fidia, kabla mgonjwa wa Basra hajanunuliwa hata kidonge.

Kuwait ilistahili kulipwa bwana, visima vyake zaidi ya 600 vilitiwa moto, hapo sibishi. Ila kalipa nani? Saddam aliendelea kujenga makasri kama kawa, huku dinari inayeyuka mpaka mshahara wa mwalimu mwezi mzima ukawa dola chache tu, wasomi wa Baghdad wakawa wanatandaza vitabu vyao chini mtaa wa Mutanabbi wauze wapate cha kula. Na kubwa zaidi, unga, mchele, sukari, chai na mafuta ya kupikia vilikuwa vya mgao, na kadi ya mgao anaitoa nani? Serikali ya Saddam. Yaani adhabu ya kumbana yeye ndo ikawafanya watu wale mkononi mwake, sasa nani angethubutu kumwinulia sauti?

Ile takwimu ya watoto nusu milioni waliodaiwa kufa kwa sababu ya vikwazo siitumii, watafiti walikuja kuonyesha ilipikwa na serikali yenyewe. Lakini Denis Halliday, bosi wa misaada ya UN kulekule, aliacha kazi 1998 kwa kupinga vikwazo, akaletwa Hans von Sponeck, naye 2000 akabwaga manyanga.

Saddam kanyongwa 2006. Makato yalishashuka hadi asilimia 5 lakini malipo ya mwisho yamekuja kufanyika Januari 2022, jumla dola bilioni 52.4. Mtoto aliyezaliwa Baghdad wiki ile ya uvamizi alikuwa na miaka 31 hapo, ana ndevu, pengine na watoto wake.

Huyo mwenzangu atuambie, "watajijua" yake alikuwa anamwambia nani.

Msomaji wenu,
Tanga