Barua kwa mwanangu: "yield" lilianza kwa kulipa

Mwanangu,

Kamusi imekuchanganya katika tafsiri yako, kwamba neno la Kiingereza "yield" ni mavuno, tena ni kusalimu amri. Shina ni moja: malipo. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa "gieldan", kulipa. Ndugu yake wa Kijerumani ni "Geld", fedha. "Wergild" ilikuwa fidia ya mtu aliyeuawa, ile sisi tunayoiita dia. Na katika tamthilia za Shakespeare utakuta mtu akishukuru kwa "God 'ild you", yaani Mungu akulipe.

Mavuno basi yasikusumbue. Hata sisi husema kilimo kinalipa. Maana ya kushindwa itazame kwa jirani: Kifaransa "rendre" ni kurudisha, "se rendre" ni kujisalimisha. Kiingereza kilipita njia hiyohiyo katika Zama za Kati.

Ukitafsiri, angalia kinachofuata. Likifuatwa na kitu bila "to", mara nyingi ni kutoa: shamba linatoa tani 2 kwa hekta. Likifuatwa na "to", ni kukubali kushindwa, au barabarani kupisha. Kibao cha pembetatu iliyogeuzwa chini juu huko Marekani huandikwa "yield". Uingereza huandika "give way". Usikiite "simama", maana njia ikiwa nyeupe dereva anapita tu.

Kwenye fedha ndipo wengi huteleza. Hatifungani (hati ya mkopo inayolipa riba) ya shilingi 1,000,000 yenye riba ya asilimia 10 hulipa 100,000 kwa mwaka. Ukiinunua kwa 900,000, "yield" yake ya sasa ni asilimia 11.1, kwa sababu malipo ni yaleyale ila bei imeshuka. Ukiandika "riba", msomaji atabaki na 10. Andika "kiwango cha mapato".

Kwa wahandisi ni jambo jingine. Chuma laini cha kawaida, kikivutwa hadi kama megapaskali 250 (kipimo cha mkazo), huanza kurefuka na hakirudi tena kilivyokuwa. Hakijakatika! Ukitafsiri "kukatika", umempa fundi habari ya uongo. Andika "kurefuka bila kurudi".

Na ile sentensi ya mwisho uliyokuwa ukitafsiri, "yielded the floor": hiyo si sakafu, ni zamu ya kusema bungeni. Andika: akampisha mwenzake aseme.

Mama yako