Harambee: Tuwapeleke Watoto wa Mtera Wakauone Mdomo wa Rufiji

Wazazi wetu, wavuvi na wakulima wa Mtera, na ninyi wana wa Dodoma mlio mbali na nyumbani,

Masika iliyopita binti mmoja wa kidato cha tatu aliuliza darasani: Mto Kisigo unaingia Bwawa letu la Mtera mwekundu kama udongo wa kichuguu, mbona maji yanayotoka ng'ambo ya ukuta ni meupe? Mwalimu wa jiografia akamweleza kuwa maji yakisimama, udongo hutua chini. Akauliza tena, "Na wale waliokuwa wanausubiri huko chini?"

Swali hilo ndilo limezaa harambee hii.

Mto Ruaha Mkuu, unaozuiwa na bwawa hilo, ukitoka kwetu hupita Kidatu, ukaingia Rufiji, na Rufiji ukamwaga maji baharini mkabala na Mafia. Delta ya pale, yaani ardhi ya mdomoni ambako mto hugawanyika matawi, imejengwa na udongo uliobebwa na mto. Ina makumi ya maelfu ya hekta za mikoko, na kamba wachanga hukulia humo kati ya mizizi. Wakulima wa bonde la Rufiji wana kilimo chao wanachokiita mlau: mafuriko yakishapungua, wanapanda kwenye tope jipya lenye rutuba. Tena maji baridi ya mto, yasiyo na chumvi, ndiyo yanayosukuma chumvi irudi baharini. Mto ukifungwa, tope linabaki nyuma ya ukuta, chumvi inapanda mtoni, na mawimbi yanaendelea kula ufukwe usiorudishiwa kitu.

Misri wameyaona haya. Bwawa Kuu la Aswan lilikamilika mwaka 1970, lakini Nile ulianza kuzuiwa miaka kadhaa kabla. Dagaa waliovuliwa pwani ya delta walikuwa tani 18,000 hivi mwaka 1962. Kufikia mwisho wa muongo huo hawakufika tani 1,000. Ufukwe wa Rashid, kwenye delta hiyo hiyo, nao umeliwa vibaya na bahari.

Kwetu, Mtera limezuia maji tangu 1980, na Desemba 2022 Bwawa la Julius Nyerere likaanza kujazwa kwenye Rufiji wenyewe. Hatuandiki haya kuukataa umeme. Watoto wetu wanajisomea usiku kwa umeme wa maji. Tunataka waijue gharama yake, na waisikie kwa wanaoilipa.

Kuna mzazi aliyetuambia kwenye kikao: basi tuache udongo uende, si pwani wanauhitaji? Mzee wetu, haufiki. Unaishia humu bwawani, unalijaza, na shamba lako limebaki mawe. Kwa hiyo sehemu ya fedha itachimba makinga maji na kununua miche kwa ajili ya mteremko ulio juu ya shule. Wazee mnaokumbuka HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulioanza 1973, njooni mtufundishe kupima matuta.

Safari ni ya siku nne, wanafunzi 40 na walimu wanne, hadi Nyamisati na vijiji vya delta. Basi ni shilingi 3,200,000, boti 600,000, chakula na malazi 1,800,000. Miche na zana ni 900,000. Jumla 6,500,000. Wanafunzi wameshapata 740,000 kwa kuuza mchicha wa bustani ya shule, hivyo tunawaomba 5,760,000 zilizobaki.

Harambee ni Jumamosi ya kwanza ya Agosti, saa 4 asubuhi, uwanjani kwetu. Asiye na fedha taslimu alete debe la alizeti, jogoo, mbuzi au perege wakavu; vyote vitanadiwa papo hapo. Ahadi zitaandikwa, na mhazini wa kamati ya wazazi atampa kila mchangiaji stakabadhi.

Watoto watachukua chupa za maji na udongo kuanzia ukutani Mtera hadi baharini. Wakirudi, wataziweka mezani kwenye mkutano wa wazazi, nanyi mtazitazama kwa macho yenu.

Kamati ya Wazazi na Walimu