Shukrani kwa mzee aliyewafundisha watoto wetu Maji Maji
Hapa Songea, vitabu vya historia vilikuwa haba shuleni kwetu, na wanafunzi walikariri vita vya Maji Maji vya 1905 hadi 1907 kana kwamba vilipiganwa nchi ya mbali. Mwalimu mmoja mstaafu, asiyependa kutajwa jina, alikuja bila kudai hata nauli, akachora ubaoni ramani ya kutoka Ngarambe hadi Ungoni, kisha akawapeleka watoto kwenye makumbusho na kuwaeleza jinsi Wamatumbi, Wangindo na Wangoni walivyopigana na Mjerumani kabla hatujaitwa Watanzania. Njaa iliyofuata, ambayo iliua wengi kuliko risasi, hakuificha, na kwa hilo ninamshukuru zaidi. Wastaafu wengine, karibuni, chaki ipo.