Barua kwa Baba kuhusu kile kipimo

Montreal, Kanada

Shikamoo Baba,

Jana usiku niliongea na Mama, huko kwenu kulikuwa kunapambazuka. Kaniambia PSA yako, kile kipimo cha damu cha tezi dume, imetoka juu, 6.2, na tangu Jumatatu hujaenda barazani kucheza bao. Kumbe kuna jirani ameshakuhukumu kuwa hiyo tayari ni kansa. Naomba unisikilize kidogo, maana kazi yangu ya huku leo imekugusa.

Unakumbuka tulipopanga Kariakoo, vyumba sita ukumbi mmoja? Mama alijua nani anakaanga vibua bila kufungua mlango wa mtu. Uvimbe wa saratani nao ndivyo ulivyo. Umejificha ndani, lakini seli zake zinatoa protini, na baadhi huingia kwenye damu. Sisi wa maabara tunazinusa hizo. Mji huu huu, mwaka 1965, Phil Gold na Samuel Freedman waligundua CEA, protini ambayo hadi leo madaktari wanaitumia kuwafuatilia wagonjwa wa saratani ya utumbo mpana.

Kazi yenyewe haina fahari. Nafuga seli za saratani kwenye chupa bapa, ndani ya maji mekundu mepesi kama juisi ya ubuyu iliyozidi maji, yaliyotiwa seramu ya ndama, yaani majimaji ya damu yake. Seramu hiyo imejaa protini iitwayo albumini, inazifunika kabisa protini chache za seli. Basi naimwaga, naziosha seli mara tatu kama mchele, kisha naziacha bila seramu mpaka kesho yake. Yale maji ndiyo tunayoyapeleka kwenye mashine inayozitambua protini. Ila zikishinda njaa sana zinakufa na kupasuka, ya ndani yanamwagika, na huwezi tena kujua kipi kilitolewa na kipi kimevuja. Mwezi uliopita nilizisahau wikiendi nzima. Kazi ya wiki tatu ikaenda na maji.

Sasa hiyo PSA. Inatengenezwa na tezi dume yenyewe, iwe nzima au iwe mgonjwa. Tezi ikitanuka kwa umri, namba inapanda. Mkojo ukiwa na maambukizi, inapanda. Na wewe, Baba, ulipimwa hujamaliza hata dawa za mkojo! Harufu ya vibua umeipata, sawa, lakini haijakuambia kama vinaungua. Nisikufiche pia: wapo wenye namba ndogo na saratani wanayo, kwa hiyo usije ukaniambia umepona kwa kusoma barua.

Maliza dawa, kaa wiki sita hadi nane, urudie kipimo, ikiwezekana maabara ile ile. Ikibaki juu, daktari wa njia ya mkojo ataamua kama upigwe picha ya MRI au uchukuliwe kinyama, yaani kipande kidogo cha tezi cha kuchunguzwa. Kinyama ndicho kinachothibitisha, damu peke yake haitoshi. Na akitaka kukupima kwa kidole, kubali. Najua mtoto hamwambii baba yake maneno haya, nimefuta sentensi hiyo mara mbili kabla ya kuiacha.

Hela ya kipimo nimemtumia dada Amina kwenye simu, atakusindikiza. Mwambie Mama nitapiga Ijumaa. Na bao nenda leo leo, wenzio wasije wakajitangazia ubingwa.

Mwanao,
Salum