Kabla ya Kubishana Juu ya Yes, Tazameni Nakala

Ndugu Mhariri,

Nipe nafasi katika ukurasa wako wa barua nichangie mjadala uliozuka baada ya makala yenu kuhusu mashabiki wa roki ya progresivu (roki ya nyimbo ndefu zenye sehemu nyingi) wanaorudi kuzisikiliza upya albamu za Yes, kundi lililoundwa London mwaka 1968. Mwandishi wenu alisema Tales from Topographic Oceans yafunguka kwa takriban dakika mbili za sauti tulivu kabla Jon Anderson hajaanza kuimba. Msomaji mmoja akaja juu: hakuna kitu kama hicho, Anderson huanza papo hapo. Wote wawili wamesema kweli. Santuri ya mwaka 1973 inaanza na mwimbaji, na upande wa kwanza unachukua dakika 20 na sekunde 27. Toleo la CD la 2003 lilirudishiwa utangulizi uliokuwa umeachwa nje, wimbo ukarefuka hadi dakika 22 na sekunde 22. Kila mmoja aliitetea nakala yake.

Mambo ya namna hii yamejaa katika kazi za kundi hili, na ndiyo maana ubishi mwingi kuhusu albamu ipi nzuri na ipi mbovu hauna mizani. Watu husifu au huponda nakala wakidhani wanaizungumzia albamu yenyewe.

Kwanza, matoleo yaliyosafishwa (remastered) si sawa na yaliyochanganywa upya (remixed). Kwa kusafisha, fundi huchukua kanda ya mwisho yenye njia mbili, kushoto na kulia, akarekebisha besi na ukali wa sauti kwa jumla; hawezi kuliinua gitaa peke yake. Kwa kuchanganya upya, zile kanda za awali ambamo vyombo vimetengwa kila kimoja na njia yake hufunguliwa tena, na uwiano wote ukaamuliwa mwanzo. Mwanamuziki na fundi wa sauti Steven Wilson aliifanya kazi hiyo kwa Close to the Edge (2013), The Yes Album na Relayer (2014), Fragile (2015) na Tales (2016). Kwa hivyo anayesema ngoma za Bill Bruford zasikika wazi kuliko zamani huenda anausifu uamuzi wa Wilson, wala si wa Eddie Offord, fundi aliyekaa kwenye meza ya kuchanganya sauti mwaka 1972. Kwa Relayer naona Wilson aliokoa jahazi, maana ile sehemu ya vita katika The Gates of Delirium ilisongamana mno. Kwa Close to the Edge bado nauchagua mchanganyo wa kwanza, wenye vumbi lake na yote.

Tena CD nyingi zilizosafishwa tangu miaka ya 1990 zimepandishwa nguvu. Sikio hudanganyika kirahisi: sauti iliyozidi kwa desibeli moja au mbili huonekana bora hata ikiwa ni ileile. Ukitaka kulinganisha nakala mbili, fungua programu ya kupima sauti kwenye simu, iache simu mahali pamoja, cheza kipande kilekile cha dakika moja, kisha rekebisha hadi tofauti ishuke chini ya desibeli moja. Hapo ndipo useme ipi inakupendeza.

Wanaosikiliza kwenye simu wana tatizo lao, nalo ni mpangilio. Fragile (1971) ina vipande tisa, na vinne tu ndivyo vya kundi zima. Vitano vilivyobaki kila mwanamuziki alipewa chake. Vimeshonwa pamoja kwa makusudi. We Have Heaven yaisha kwa mlango kufungwa na nyayo za mtu anayekimbia, kisha upepo wa South Side of the Sky waingia. Long Distance Runaround yamwagikia ndani ya The Fish bila pengo. Na mwisho kabisa, Heart of the Sunrise inapokatika ghafla, mlango wafunguliwa na zile sauti za We Have Heaven zarudi kwa muda mfupi. Ukiwasha mchezo wa nasibu (shuffle), yote hayo yanageuka kelele zisizo na maana. Zima nasibu. Zima pia mpangilio unaofifisha wimbo mmoja ndani ya mwingine, na uwashe ule wa kucheza bila pengo. Faili za MP3 huwa na ukimya mdogo uliobandikwa mwanzo na mwisho, kwa hiyo kama programu yako haijui kuuondoa, utasikia mshono kila mahali. Nyimbo za nyongeza nazo ziache kwanza. Close to the Edge inamalizika na Siberian Khatru, na kila kinachofuata kwenye CD ya 2003 kilipachikwa baadaye.

Spika ya simu haifai kabisa kwa kundi hili. Chris Squire alipiga gitaa la besi la Rickenbacker kwa kipande cha plastiki, sauti yake ikiwa na makali ya juu na uzito wa chini kwa pamoja. Simu hukupa makali tu, uzito ukapotea, na nusu ya mazungumzo kati yake na ngoma huyasikii.

Kwa wenye santuri, adui wa kwanza huku pwani ni unyevu. Kuvu hustawi unyevu wa hewa ukizidi asilimia 65 hivi, na Mombasa tuko juu ya hapo siku nyingi, hasa wakati wa kusi na mvua za masika. Kuvu hula karatasi, gundi ya jalada na mafuta ya vidole, kisha hutandaa hadi kwenye mfereji inamopita sindano. Kwenye muziki wa kelele mfululizo huenda usijali. Lakini Close to the Edge huanza kwa ndege na maji yanayopanda taratibu kutoka kwenye ukimya, na katikati yake, kwenye I Get Up, I Get Down, karibu kila kitu hunyamaza hadi kinanda cha mabomba cha kanisa la St Giles-without-Cripplegate kinapofumuka. Hapo santuri chafu itakupa mlio wa mafuta yakikaanga, na mtu atasema albamu haikurekodiwa vizuri.

Dawa ni hii. Mililita 800 za maji yaliyotoneshwa, mililita 200 za alkoholi ya isopropili, na matone mawili matatu ya sabuni ya vyombo isiyo na manukato. Maji ya betri yanayouzwa kwenye vituo vya petroli hufaa, mradi chupa iwe ya maji matupu. Nyingine iliyo jirani yake huwa ya asidi, kwa hiyo soma karatasi kabla ya kulipa. Maji ya bomba au ya kisima yasikaribie: visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na maji yakikauka chumvi inabaki mferejini. Tia mchanganyiko kwenye kitambaa laini kisichotoa nyuzi, fuata mzunguko wa mifereji bila kukata kati, usiloweshe lebo. Pitisha kitambaa cha pili chenye maji yaliyotoneshwa peke yake, kwa kuwa mabaki ya sabuni hujikusanya kwenye sindano. Isimamishe kivulini nusu saa bila feni. Feni hurusha vumbi. Usiirudishe ndani ya karatasi ileile yenye kuvu, utakuwa umefanya kazi bure. Mfuko mpya wa ndani uwe wa plastiki laini ya polithini.

Mchanganyiko huo ni wa vinaili tu, ile plastiki ya santuri za kawaida. Ukiwa na santuri za mizunguko 78 za enzi za Siti binti Saad, aliyekwenda kurekodiwa Bombay mwaka 1928, alkoholi isizikaribie, maana zile ni za sheleki nayo huyeyuka kwa alkoholi.

Zikisha kukauka, zisimamishe wima, zisilazwe. Katika nyumba za mawe za Mji wa Kale rafu isigusane na ukuta, kwa sababu mawe ya matumbawe hunyonya maji na kuyatoa jasho. Acha nafasi ya kupita mkono. Majalada yanayokunjuka ya mchoraji Roger Dean, kama lile la Close to the Edge, huoza kwanza kwenye mkunjo, kwa hiyo hapo ndipo pa kukagua unaponunua mkononi. Na santuri iliyoachwa ndani ya gari lililoegeshwa juani hupindika, wala hakuna fundi wa kuinyoosha ikawa kama zamani.

Kosa linalopotosha masikio bila mtu kujua ni mwendo. Stima yetu ni volti 240 na hezi 50, yaani mapigo 50 kwa sekunde. Mashine nyingi za zamani za santuri zinazozungushwa kwa mkanda wa mpira zina mota inayofuata hezi za stima. Ikiwa ilitengenezewa hezi 60, kama zile za Marekani au Saudi Arabia, hapa itazunguka mara 27.8 kwa dakika badala ya 33.3. Transfoma hubadilisha volti, haigusi hezi. Ile ya Marekani angalau hukushtua kwa kudai volti 120, lakini iliyotoka Saudi Arabia huenda ikachomekwa ukutani bila shida na mwenyewe asishuku lolote. Matokeo yake, muziki unashuka zaidi ya nusutoni tatu (hatua ndogo kabisa za kinanda), Anderson mwenye sauti nyembamba anakuwa mtu mwingine, na wimbo wa dakika 18 na sekunde 43 unavutwa kupita dakika 22. Halafu twaambiwa Yes ni wazito na wanachosha!

Kupima ni rahisi. Bandika kikaratasi ukingoni mwa sahani ya mashine, weka santuri, teremsha sindano, hesabu mizunguko kwa dakika tatu. Iwe 100. Ukipata 83, mota ni ya hezi 60. Tiba ni puli, kigurudumu cha mota kinachovuta mkanda, yenye kipenyo kikubwa zaidi kwa asilimia 20. Kama kiwanda hakiuzi tena, fundi wa kukereza vyuma ataichonga akipewa ile ya zamani kama kipimo. Ukipata 97 au 98, tazama mkanda kwanza, maana mpira huku hulegea upesi. Mashine zinazoendeshwa moja kwa moja kwa udhibiti wa kwazi (quartz) hazina ugonjwa huu.

Kisha kuna jambo la mwisho wa upande. Sindano ikiwa nje kabisa, mfereji hupita chini yake kwa takriban sentimita 51 kwa sekunde. Ikikaribia lebo, ni kama sentimita 21. Sauti zilezile za juu hubanwa katika nafasi isiyofika nusu, na sindano iliyochakaa au iliyowekwa vibaya huanza kukwaruza. Bahati mbaya Yes walipenda kuweka vilele vyao huko ndani. Awaken, inayofunga Going for the One (1977), ina kinanda cha mabomba cha kanisa la Vevey huko Uswisi, sauti yake ikipelekwa kwa laini ya simu hadi studio ya Montreux, na yote hayo hupanda wakati sindano inakaribia lebo. Kabla ya kulaumu studio, pima uzito wa sindano kwa mizani ndogo (nyingi hutaka kati ya gramu 1.5 na 2, fuata karatasi ya kiwanda), na upange pembe yake kwa karatasi ya kupimia. Uzito pungufu huharibu santuri kuliko uliozidi kidogo, kwa sababu sindano hurukaruka na kuchimba kuta za mfereji.

Kaseti nitazipitia haraka. Yenye kuvu nyeupe kwenye ukingo wa kanda isiingizwe kwenye deki nzuri, kwani itavieneza vijidudu kwa nyingine zote. Na anayetaka kuihamisha Tales yote, kaseti moja ya C-90, yenye dakika 45 kila upande, inatosha: pande mbili za kwanza ni dakika 41, mbili za mwisho ni 40.

Wanaouliza waanzie wapi, waende kwa mfuatano: The Yes Album, Fragile, Close to the Edge. Bruford aliondoka baada ya hiyo ya tatu akaenda kundi la King Crimson, Alan White akashika ngoma, na kundi likabadilika mwendo. Ukiruka hutajua kilichobadilika. Mpiga kinanda Rick Wakeman hayumo kwenye Relayer, aliyepo ni Patrick Moraz, na hilo peke yake linaeleza mengi. Sikiliza upande mzima kwa kikao kimoja. Sidhani watu wa mji huu, ambao wazee wao walikesha na Umm Kulthum kwa wimbo mmoja wa saa nzima, wana haki ya kulalamikia dakika 20.

Ombi langu kwa dawati lenu la muziki ni dogo. Mkiandika tena juu ya albamu ya zamani, tajeni nakala iliyosikilizwa. Kwa santuri, andikeni namba ya jaladani: Close to the Edge ya Uingereza ni K 50012, ya Marekani ni SD 7244. Namba hiyo haitoshi kuthibitisha umri, maana ilitumika miaka mingi, basi ongezeni na herufi zilizochanjwa kwenye sehemu tupu kandokando ya lebo. Kwa CD, mwaka wa kuandika ni ule wa toleo, uliochapwa kwa herufi ndogo nyuma ya kasha, si ule wa 1972.

Mpenzi wa santuri,
Kibokoni, Mombasa