Alabama haikuiba fedha za korona, ilizipigia kura

Mhariri,

Kila nikiwaambia jamaa zangu wa nyumbani kwamba Alabama, jimbo ninaloishi, ilichukua dola milioni 400 za msaada wa korona ikajengea magereza, jibu huwa lile lile: "Kumbe hata huko wanakula!" Naomba nafasi niwajibu wote kwa pamoja. Hakuna aliyekula. Kura zilipigwa mchana kweupe, gavana akatia saini, hesabu zipo. Hilo ndilo linalonikera, maana mwizi angalau unaweza kumfikisha mahakamani.

Machi 11, 2021, Rais Joe Biden alisaini sheria ya dola trilioni 1.9 ya kuinusuru nchi na janga la korona. Ndani yake zilitengwa dola bilioni 350 za majimbo, kaunti, miji, visiwa na maeneo yaliyo chini ya Marekani, na serikali za makabila ya wenyeji asilia. Serikali ya jimbo la Alabama ilipangiwa takriban bilioni 2.1. Fedha hizo zikishaingia, wa kuzigawa ni wabunge wa jimbo, wale ambao wengi wetu hatujui hata wanachaguliwa lini.

Septemba 27 mwaka huo Gavana Kay Ivey aliwaita wabunge Montgomery, mji mkuu wa jimbo, kwa kikao maalumu. Oktoba 1 kilikuwa kimekwisha na sheria zimeshasainiwa. Walipitisha mradi wa dola bilioni 1.3: milioni 785 za kukopa kwa hati fungani, milioni 154 kutoka mfuko mkuu wa jimbo, na zile milioni 400 za korona. Lengo kuu ni magereza mawili ya wanaume katika kaunti za Elmore na Escambia, kila moja vitanda 4,000. Milioni 400 ni zaidi ya theluthi ya awamu ya kwanza ya fedha ambazo jimbo lilipokea.

Nisimwonee mtu. Magereza ya hapa yana hali mbaya, na Desemba 2020 Wizara ya Sheria ya Marekani iliishtaki Alabama kwa kushindwa kuwalinda wafungwa wasiuawe na kubakwa. Lakini wizara hiyo hiyo ilikuwa imeshaonya mwaka 2019 kwamba majengo mapya peke yake hayatamaliza tatizo. Na hata kama yangelimaliza, jimbo lina uwezo wa kukopa na lina bajeti yake. Kwa nini liguse mfuko wa janga?

Jerrold Nadler, aliyekuwa mwenyekiti wa Kamati ya Sheria ya Baraza la Wawakilishi, alimwandikia Janet Yellen, Waziri wa Fedha wa wakati huo, akimtaka azuie matumizi hayo. Ivey akajibu kwamba sheria inaruhusu. Inauma kusema, lakini alikuwa sahihi.

Sheria iliruhusu majimbo kutumia fedha hizo kuziba pengo la mapato yaliyopotea kwa sababu ya korona. Ni jambo la busara. Tazama sasa pengo lilivyopimwa. Kwa kanuni ya Wizara ya Fedha ya Mei 2021, unachukua mapato ya mwaka wa mwisho kabla ya janga, unayakuza kwa angalau asilimia 4.1 kwa mwaka, kisha unalinganisha na kilichokusanywa. Tuseme jimbo lilikuwa likikusanya 100, mwaka uliofuata likakusanya 102. Mapato yamepanda, sivyo? Kwa kanuni hiyo limepoteza 2.1, kwa kuwa lilitarajiwa kufika 104.1. Kanuni ya mwisho ya Januari 2022 ikapandisha kiwango hadi asilimia 5.2. Na fedha zikishaandikwa kuwa ni fidia ya mapato, zinaweza kulipia karibu huduma yoyote ya serikali. Kanuni hiyo hiyo ya 2022 inasema ujenzi wa magereza mapya kwa kawaida haukubaliki kama hatua ya kukabiliana na athari za janga. Mlango wa mbele umefungwa kwa kufuli, wa nyuma uko wazi.

Baadaye mambo yalikwenda vizuri zaidi, lazima niseme. Januari 2022 wabunge waligawa milioni 772 nyingine, zikiwemo takriban 276 za intaneti ya kasi na 225 za maji safi na majitaka. Machi 2023 wakagawa awamu ya pili, sehemu kubwa ikienda tena kwenye maji, intaneti na afya. Anayeijua Kaunti ya Lowndes, hapa hapa Alabama, haulizi majitaka yanahusiana nini na afya. Udongo wa kule ni mzito, haunywi maji. Mashimo ya choo yanajaa, mvua ikinyesha uchafu unarudi hadi ndani ya nyumba, na wasio na uwezo wa kujenga mfumo wa majitaka wanatoa bomba kutoka chooni moja kwa moja hadi uani. Mjumbe wa Umoja wa Mataifa kuhusu umaskini alifika kujionea mwaka 2017. Watu hawa walisubiri karibu miezi minne baada ya magereza.

Sheria ile ya Biden pia iliahidi nyongeza ya fedha kwa jimbo lolote ambalo lingekubali kupanua Medicaid, bima ya afya ya wenye kipato cha chini. Alabama ilikataa. Wakati huo huo gereza la Elmore peke yake limeshapita dola bilioni 1, na limepewa jina la Gavana Kay Ivey.

Mhariri, kila jimbo linatakiwa kupeleka Washington ripoti za matumizi kila robo mwaka, na mwisho wa kuzitumia fedha hizi ni Desemba 31, 2026. Waswahili tumetapakaa majimbo mengi ya nchi hii na tunalipa kodi. Gazeti lako lichambue ripoti za majimbo tunayoishi, moja moja, kwa Kiswahili, na karibu na kila mradi litaje wabunge waliousemea ndiyo.

Msomaji wako,
Birmingham, Alabama