Wauzaji wa mashine za michezo watueleze wanachotuuzia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme neno juu ya mashine za michezo, zile zinazoitwa konsoli, ambazo watoto wetu wa Lubumbashi huzililia kila mwisho wa mwaka na ambazo wazazi huzinunua kwa dola walizozikusanya miezi mingi. Mimi ni fundi wa vyombo vya umeme katika komini ya Katuba, na mashine hizo zimepita mezani pangu kwa miaka mingi. Nyingi zinazoletwa kwangu kama mbovu hazina ugonjwa wowote. Zilichokosa ni maelezo, na jambo hilo linanisikitisha kila mara, kwa sababu maelezo hayalipiwi ushuru mpakani.

Majuzi mama mmoja aliniletea Switch 2 mpya, konsoli ya kampuni ya Nintendo, pamoja na kadi yake ya mchezo, kipande cha nailoni kikiwa bado kimegandama kwenye ukingo wa kioo. Akaniambia, "Papa fundi, hii kadi imekufa, mutoto analia tangu jana." Niliiweka kadi mahali pake, na mara picha ya mchezo ikatokea pamoja na maandishi ya kusema kwamba mchezo wenyewe sharti upakuliwe kwanza kutoka kwenye intaneti. Kadi ilikuwa nzima kabisa, ila ndani yake hamkuwa na mchezo. Nilipomweleza, aliuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: je, yule aliyemuuzia hakujua, au alijua akanyamaza?

Afadhali wasomaji wajue mapema. Mashine hiyo, iliyotoka tarehe 5 Juni 2025, ina kadi za namna mbili. Ziko kadi zilizobeba mchezo wote, unazichomeka na kucheza, na ziko kadi ambazo ni ufunguo tu: mchezo unashushwa kwa mega zako mwenyewe, yaani kifurushi chako cha intaneti, unajaza nafasi katika mashine, na hata baada ya hapo kadi lazima ibaki ndani kila unapocheza. Alama ya kutofautisha imechapwa mbele ya boksi, upande wa chini, lakini mzazi asiyesoma lugha ya boksi hilo hawezi kuijua ikiwa muuzaji hamwonyeshi. Michezo ya namna hii inaweza kuzidi gigabaiti 20. Katika mji ambako watu hununua mega kidogo kidogo ili waweze kuongea na ndugu zao, mchezo wa gigabaiti 20 ni ununuzi wa pili juu ya ule wa kwanza, na haki ya mnunuzi ni kuambiwa kabla hajatoa pesa.

Kutoeleweka kwa mashine hizi hakukuanzia kwetu. Wasomaji wa umri wangu wanaikumbuka Wii, ile nyeupe iliyouzwa zaidi ya milioni 100 duniani. Mnamo Novemba 2012 kampuni ya Nintendo ilitoa mrithi wake na kumwita Wii U. Jina lilikuwa lilelile likaongezewa herufi moja, na tangu ilipotangazwa mara ya kwanza kilichoonyeshwa zaidi kilikuwa maneti yake, yaani kishikio cha kuchezea, yenye kioo cha inchi 6.2, mashine yenyewe ikikaa nyuma, hata watu wengi wa Marekani na Ulaya wakadhani kwamba ni kifaa cha kuongezea tu kwenye Wii waliyokuwa nayo. Mkuu wa kampuni wakati huo, marehemu Satoru Iwata, alikiri kwamba watu walikuwa hawajaelewa tofauti. Januari 2014 makadirio ya mauzo ya mwaka huo wa hesabu yalishushwa kutoka milioni 9 hadi milioni 2.8, na Iwata akajikata nusu ya mshahara kwa miezi mitano. Mwishowe ziliuzwa milioni 13 na nusu hivi, na mwaka 2017 utengenezaji wake ukasimama.

Uchungu wangu ni kwamba mashine hiyo iliyodharauliwa ilikuwa na jambo linalofaa kabisa nyumba zetu. Jumapili moja niliitwa katika familia moja ya jirani, baba akilalamika kwamba mashine ya mtoto inamnyima mpira. Televisheni ilikuwa moja, Mazembe walikuwa wanacheza, na maneti ile yenye kioo ilikuwa imefungiwa kabatini kwa sababu ilidhaniwa kuwa ni urembo. Niliitoa, nikaichaji, nikahamishia mchezo kwenye kioo chake, nikampa mtoto, kisha nikairudisha televisheni kwenye mpira. Mtoto alitoka mpaka barazani akiendelea kucheza, na picha ilianza kukwama alipoufikia mwembe, kwa kuwa maneti hiyo hairuhusu kwenda mbali na mashine. Baba aliniuliza kwa nini kwa mwaka mzima hakuna aliyemwambia.

Hata waliotengeneza michezo hawakukitumia kioo hicho ipasavyo. Mara nyingi kiliwekwa ramani au orodha ya vifaa, basi. Sehemu ya kusoma vitu vilivyogusishwa kwenye maneti ilikaa karibu bila kazi mpaka vilipotoka vile vinyago vya amiibo, Novemba 2014. Ilisemwa pia kwamba maneti mbili za namna hiyo zitaweza kutumika pamoja, lakini mchezo wa kufanya hivyo haukutoka. Leo naona dalili zilezile: maneti za Switch 2 zinaweza kulazwa kwa ubavu mezani na kuburutwa kama kipanya cha kompyuta, na michezo inayoutumia uwezo huo bado ni michache.

Kuhusu upatikanaji, kampuni hiyo haijafungua rasmi duka lake la mtandaoni kwa ajili ya Kongo, hivyo anayetaka kununua mchezo huko hulazimika kuandika kwamba anaishi Ubelgiji au Ufaransa. Mashine zenyewe zinatufikia kwa mikono ya wafanyabiashara, nyingine mpya kutoka Dubai, nyingine zilizokwisha kutumika Ulaya na Marekani, na nyingi hupita Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Kwa njia hiyohiyo malori yanapeleka nje kobalti ya nchi yetu, inayotoa zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia, na kobalti hiyo inaingia katika betri nyingi za vyombo vya namna hii. Siwezi kuliangalia lori hilo bila kujiuliza kwa nini chombo kikirudi kinarudi bila hata karatasi moja ya kueleweka.

Karatasi hiyo ingeokoa pesa nyingi. Wii U ya Marekani ina adapta ya volti 120, na kurani yetu, yaani umeme wetu, ni ya 220: ukiichomeka ukutani moja kwa moja, adapta inaungua, na harufu yake naijua vizuri. Tena diski ya Marekani haichezi katika Wii U ya Ulaya, jambo ambalo mnunuzi hulijua akiwa ameshafika nyumbani. Kwa Switch mambo ni mepesi zaidi, kwa kuwa adapta yake inakubali kuanzia volti 100 hadi 240 na kadi zake hazifungwi kwa nchi. Hata hivyo nimekuta watoto wakikaa gizani wakingojea kurani irudi ili televisheni iwake, na Switch yao iko palepale kwenye kitako chake, betri imejaa, ingawa ina kioo chake na inachezeka bila televisheni. Switch ya kwanza, iliyotoka mwaka 2017, inadumu kuanzia saa mbili na nusu hadi sita na nusu, kutegemea mchezo. Ina mguu mdogo mgongoni wa kuisimamishia mezani, na maneti yake inagawanyika mara mbili ili, katika michezo inayoruhusu, watoto wawili wacheze pamoja bila kununua nyingine.

Ninachoomba kwa wafanyabiashara wetu si kikubwa. Wafungue boksi mbele ya mnunuzi, waichomeke mashine, wamwonyeshe inavyocheza bila televisheni, na waandike kwenye risiti, kwa Kiswahili au Kifaransa, volti ya adapta, nchi ilikotoka, na kama kadi ina mchezo ndani au ni ufunguo tu. Nawe, Ndugu Mhariri, ukiweza, uichape barua hii kabla ya mwezi wa Desemba, kwa maana yule mama alinunua mega kwa siku nne mfululizo kabla mchezo haujafunguka, na wako wengine wanaojiandaa kununua kadi kama yake.

Fundi wa Katuba,
Lubumbashi